Wapita Utando: Safari Yangu ya Kwanza Delft

Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol hadi Delft, treni haichukui hata saa nzima. Nilikaa dirishani na koti la kuazima lililonizidi mabega, nikaitazama Uholanzi kwa mara ya kwanza: malisho mabichi yaliyokatwa na mifereji iliyonyooka, ng'ombe wa mabaka meusi na meupe, ndege wa maji wamejikunyata kwa upepo. Wenzangu behewani walikuwa wanatazama simu. Mimi nilitazama maji. Yako kila mahali, na kuna sehemu yako juu kuliko shamba lililo kando yake. Mtu aliyekulia Tanga, ambako maji hujua kuteremka tu, huchukua muda kulikubali hilo.

Kazi yangu ni ya maabara ya maji. Nachuja mililita 100 za sampuli kupitia utando mweupe, duara la milimita 47 lenye mistari ya miraba, nauhamishia kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, nauweka kwenye inkubeta nyuzi 44, na kesho yake nahesabu makoloni yaliyoota. Kila koloni ni ukoo wa bakteria aliyenaswa juu ya utando. Boksi lake limeandikwa 0.45, kwa vipimo vya mikromita, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kuna boksi jingine limeandikwa 0.22. Hilo ni la pale unapotaka kimiminika kitoke bila bakteria hata mmoja: dawa za sindano, matone ya macho, supu za maabara zinazoharibika zikipashwa moto. Chuoni tulifundishwa hivi: E. koli ana unene unaokaribia mikromita moja, tundu ni 0.22, basi mkubwa hapiti penye padogo. Hesabu ya darasa la tatu.

Nilikuwa nakwenda kozi fupi ya ubora wa maji katika IHE Delft, taasisi iliyoanza mwaka 1957 na iliyowapitisha wataalamu wengi wa maji wa Afrika Mashariki. Ukikutana na mhandisi wa maji mwenye mvi, awe Dodoma, Nairobi au Kampala, mtajie Delft; mara nyingi atatabasamu, kisha ataanza kuilalamikia baridi.

Kituo cha treni cha Delft kiko chini ya ardhi, na dari la ukumbi wake limechorwa ramani kubwa ya mji ule kama ulivyokuwa mwaka 1877. Wageni husimama katikati ya njia, mabegi miguuni, shingo zimepinda, wanausoma mji juu ya vichwa vyao kabla ya kuukanyaga. Nami nilisimama. Mama mmoja mwenye baiskeli alinizunguka bila kusema neno, na hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu. Nje, upepo wa mwezi wa kumi ulinipiga usoni, nikaelewa ya wahandisi wenye mvi.

Kwenye chumba nilichopewa nilifungua bomba, nikajaza glasi, nikainusa. Hakuna harufu. Kwa mfanyakazi wa maji wa kwetu, maji ya bomba yasiyonukia klorini ni sababu ya kupiga simu kazini. Lakini Waholanzi husambaza maji ya kunywa bila klorini mabombani. Wanalinda chanzo, wanapitisha maji kwenye mchanga, wanatumia ozoni au mwanga wa urujuanimno, na zaidi ya yote wanayaondolea maji chakula, ili bakteria wachache watakaobaki wasipate cha kuwanenepesha njiani. Niliinywa ile glasi nikiwa bado na wasiwasi.

Darasani tulikuwa mchanganyiko: Wahabeshi, Waindonesia, bwana mmoja wa Kisumu, daktari wa mifugo kutoka Morogoro, na mimi. Mwalimu wa mada ya uchujaji, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alishika kichujio kidogo cha plastiki, akauliza tundu zake zina upana gani. Kimeandikwa 0.22, tukajibu 0.22. Akawasha picha iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni, na darasa likanyamaza.

Utando ule si chekecheke. Ni dodoki. Hakuna tundu la duara lililotobolewa moja kwa moja. Kuna nyuzi na kuta zilizosukana, vyumba vinavyofunguka kwenye vyumba, njia zinazopinda, kupanuka na kubana. Unene wake ni zaidi ya mikromita mia moja, kwa hiyo bakteria mwenye urefu wa mikromita mbili ana mwendo mrefu sana mbele yake. Wengi hunasa kwenye kona. Wengine hugandia kuta ingawa nafasi ya kupita ipo. Kuna aina nyingine ya utando, ya polikaboneti, yenye mashimo ya kweli yaliyonyooka, na huo ni mwembamba, mikromita kumi hivi. Lakini utando wa kila siku, ule unaokaa kwenye droo za maabara zetu, ni dodoki, na namba iliyoandikwa juu yake haikupatikana kwa kupima tundu kwa rula.

Ilipatikanaje basi? Hapa mwalimu alisimulia kisa ambacho nadhani kingestahili kuwekwa kwenye mitaala yetu. Vichujio vya utando vilizaliwa Göttingen, Ujerumani, mikononi mwa mkemia Richard Zsigmondy, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1925, na kiwanda kikaanza kuvitengeneza kabla ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita ujuzi ukavuka bahari kwenda Marekani. Kwa miaka mingi 0.45 ndiyo iliyohesabika kuwa ya kuondoa bakteria wote. Kisha katika miaka ya 1960, Frances Bowman wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani akakuta bakteria wadogo kwenye kimiminika kilichokwisha kupita 0.45. Siku hizi wanaitwa Brevundimonas diminuta. Waliokuwa wakitegemea 0.45 ikabidi washuke hadi 0.22, na yule yule mhalifu akafanywa mtahini: kichujio kikitaka cheo cha kusafisha dawa, kinamwagiwa bakteria hao, milioni kumi kwa kila sentimita mraba, na upande wa pili asionekane hata mmoja.

Kwa hiyo 0.22 ni cheti cha mtihani. Inasema kichujio hiki, kwa mwendo huu wa maji, kwa muda huu, kilimzuia bakteria huyu. Haisemi lolote juu ya wengine. Bwana wa Kisumu alinong'ona, "Kumbe tunanunua cheti," na mwalimu, ambaye hajui Kiswahili, akamuuliza kama ana swali.

Jumamosi nilitoka peke yangu kutembea. Delft ya kati huizunguka kwa miguu bila kuchoka: mifereji yenye majani ya kijani juu, madaraja mafupi, baiskeli zilizofungwa kwa minyororo minene kuliko ile ya mbwa. Nilikuwa natafuta Oude Kerk, kanisa la zamani ambalo mnara wake wenye urefu wa mita 75 umeinama waziwazi, kwa kuwa ardhi ya chini yake ni ya majimaji. Ndani yake amezikwa Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji huu, aliyezaliwa 1632 na kufa 1723. Mchoraji Vermeer, aliyezaliwa mwaka huo huo, yumo humo pia.

Leeuwenhoek hakusoma chuo chochote wala hakujua Kilatini. Alisaga vilenzi vidogo mno, akavibana kati ya vibati vya metali, akatazama kila kilichomjia mkononi. Mwaka 1676 alitaka kujua pilipili manga inawashia nini, labda ina vichokoo. Akailoweka kwenye maji, akaiacha kwa wiki kadhaa, kisha akatazama. Hakuona vichokoo, aliona viumbe, baadhi yao wadogo kuliko chochote alichowahi kuona mtu. Akaandika barua kwa Royal Society ya London, kwa Kiholanzi, na mabwana wa London hawakuamini mpaka mwaka uliofuata, mwenzao Robert Hooke alipowaona viumbe hao mwenyewe. Pilipili ile ililetwa na meli. Delft ulikuwa mmoja wa miji sita yenye ofisi ya kampuni ya biashara ya Mashariki, na viungo vilifika hapa kama vilivyofika kwenye bandari zetu, kwa upepo na kwa bunduki. Nilisimama mbele ya kumbukumbu aliyojengewa na binti yake Maria, nikiwa nimekwishaambiwa na mlinzi nisiguse.

Kilichonivutia kwa mzee huyu ni kwamba aliwaangalia wakitembea. Vifaa vyangu vya kazi vinanionyesha bakteria waliokwisha kuwa doa, wametulia kwenye sahani, wamekuwa mamilioni. Mwendo wao sijawahi kulipwa niutazame.

Nafasi hiyo niliipata juma lililofuata, kwa msaada wa bwana wa Kisumu, ambaye kama Wakenya wote ninaowafahamu alikuwa tayari na ndugu kila mji. Ndugu wa safari hii alikuwa kijana wa Eldoret anayesomea uzamivu katika chuo kikuu cha ufundi cha Delft, kusini mwa mji. Alitupokea mlangoni kwa "Karibuni sana, dada, karibu kaka," akatupa kahawa ya mashine, akatuomba radhi kwa kahawa hiyo, kisha akatufungulia kompyuta.

Mwaka 2009 watafiti wa chuo hicho, kwenye kundi la Cees Dekker, walichapisha jaribio ambalo kijana wetu alilijua kama wimbo. Badala ya kuchunguza dodoki, walichonga mifereji midogo kwenye silikoni, mingine myembamba kuliko bakteria mwenyewe, iliyounganisha vyumba viwili. Kila mfereji una upana unaojulikana, na kwa kuwa bakteria walitengenezwa wang'ae, unawaona wakifika mlangoni. Chumba kimoja kikapandwa bakteria, kingine kikaachwa kitupu. Swali: nani atafika ng'ambo, na kwa njia gani?

E. koli huogelea kwa mikia inayozunguka, na kwenye maji ya wazi hukata umbali wa mara kadhaa ya urefu wa mwili wake kwa sekunde. Kwenye mfereji uliozidi unene wake kwa asilimia 30 hivi, bado aliogelea. Chini ya hapo mwendo ulikoma. Kuta zilikuwa karibu mno, mkia ukazunguka bure.

"Sasa angalia hapa, dada," kijana alisema, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

Aliyekwama mlangoni hakufa. Alikula. Akarefuka, akajigawa, na kwa kuwa nyuma yake palikuwa na wenzake wanaorefuka na kujigawa vilevile, wa mbele akasukumwa ndani. Akabanwa hadi akabadilika umbo, akaendelea kula, akajigawa akiwa ndani ya mfereji, na mtoto wake akatangulia hatua moja. Watoto kwa watoto, foleni ikatambaa mpaka ng'ambo. Kwa njia hiyo E. koli alipita mifereji yenye upana wa karibu nusu ya unene wake wa kawaida. Waliochomoza upande wa pili walikuwa vioja: wengine bapa, wengine wamepinda, wengine hawana umbo lenye jina, na wote hai. Bakteria mwingine aliyejaribiwa, Bacillus subtilis, ambaye ukuta wake ni mnene zaidi, hakuweza kupita pembamba kuliko yeye.

Nilimwomba arudie ile picha. Kisha nikaomba tena. Hesabu yangu ya darasa la tatu ilidhani bakteria ni punje ya mchanga, ina ukubwa wake na itabaki nao. Mchanga hauli. Aliyefika ng'ambo ya mfereji ule hakuwa yule aliyefika mlangoni. Alikuwa kitukuu chake. Katika hali nzuri kabisa E. koli hujigawa kila dakika 20, kwa hiyo kizazi kimoja hakihitaji hata muda wa kuchemsha maharage. Nikafikiria kichujio kilichofungwa kwenye ndoo ya maji kwa miezi, joto la Tanga, matope ya mvua za masika yamejaa upande wa juu, chakula tele. Mtihani wa kiwandani ni wa muda mfupi. Jikoni ni jambo jingine.

Nilimuuliza kijana kama kukua ndiyo njia pekee. Akacheka, akasema wapo wasio na haja ya kusubiri.

Hao nilisimuliwa na daktari wa Morogoro tulipokuwa tunarudi kwa miguu, mvua nyembamba ikitudondokea. Leptospira, alisema, ni uzi uliosokotwa: urefu wake ni kati ya mikromita 6 na 20, lakini unene ni 0.1 tu. Hujipenyeza kwenye dodoki kwa ncha. Kwenye maabara yao wanautumia ujanja huo: sampuli ikiwa imechafuliwa na bakteria wengine, wanaipitisha kwenye 0.22, wengine wanabaki, leptospira anapita, wanamkuza akiwa peke yake. Huyu ni mdudu wa mkojo wa panya na wa ng'ombe, wa majaruba ya mpunga na madimbwi, na chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kimemfuatilia kwa miaka mingi pamoja na wataalamu wa Amsterdam, kiasi kwamba kuna aina moja iliyopatikana Morogoro inayoitwa Sokoine. Daktari alilisema hilo kwa fahari ambayo sikuwahi kuisikia ikitolewa kwa ugonjwa.

Na si yeye pekee. Huko Dübendorf, Uswisi, kwenye taasisi ya utafiti wa maji ya Eawag, walichuja maji ya kawaida ya mtoni na ziwani, na mwaka 2008 wakaandika kwamba bakteria mmoja mwembamba wa umbo la parafujo, Hylemonella gracilis, hupita 0.45, hupita 0.22, na hata 0.1 haimzuii. Wao walihitimisha kwamba umbo na ulaini wa mwili vina uzito wake, si ukubwa tu. Mikoplasma, wasio na ukuta wa seli, hujibana watakavyo. Na kwenye maji ya chini ya ardhi huko Rifle, jimbo la Colorado, Wamarekani walipiga picha mwaka 2015 za bakteria wadogo kiasi kwamba karibu 150 wangeenea ndani ya E. koli mmoja. Walipatikana kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa kwa 0.2.

Hapo Delft pana kisa kingine cha kichujio ambacho watu wa virusi huanzia hadithi yao. Martinus Beijerinck, aliyefundisha hapa kuanzia 1895, alichukua utomvu wa majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa batobato, akaupitisha kwenye mshumaa wa kaure wa Chamberland, ule wa Paris wa mwaka 1884, ambao uliaminika kuzuia bakteria wote. Kilichotoka bado kiliambukiza. Mrusi Ivanovsky alikwisha kuona jambo hilo mwaka 1892, lakini alibaki akishuku kwamba pengine bakteria walipenya, au sumu yao. Beijerinck mwaka 1898 alithubutu kusema kilichopita si bakteria, ni kitu cha namna nyingine kabisa, kimiminika chenye uhai. Kuhusu kimiminika alikosea, kuhusu namna nyingine alipatia. Vitabu humcheka Ivanovsky kidogo. Baada ya kuiona foleni ile kwenye silikoni, mimi nadhani shuku yake ilikuwa shuku ya mtu wa maabara hasa.

Siku za mwisho darasani tulibishana juu ya vichujio vya nyumbani, na bwana wa Kisumu ndiye aliyewasha moto. Wauzaji kwao, kama kwetu, husimama sokoni na mirija myembamba ya 0.1 na kuapa kwamba inaondoa vijidudu vyote. Je, tuwaambie watu waache? Mwalimu alikataa katakata. Kuhara kwa watoto vijijini hakuletwi na bakteria wa Colorado. Huletwa na wa kinyesi, na hao, kichujio kizima kinachooshwa kwa kusukuma maji kinyume kinawapunguza sana. Leptospira naye mara nyingi huingia kupitia ngozi yenye michubuko, mtu akiwa kwenye jaruba. Kichujio ni bora kuliko kukosa kichujio. Tatizo ni kukiacha kichafu na chenye unyevu kwenye joto kisha kukiamini kwa sababu ya namba. Akaturudisha kwenye yale maji yasiyonukia klorini: Waholanzi hawategemei utando mmoja uzuie kila kitu, wanawanyima chakula waliobaki. Na penye chakula tele, akasema, kama kwenu wakati wa mvua, baada ya kuchuja tieni klorini.

Nilirudi Tanga na koti la watu pamoja na daftari lililojaa. Maji yetu hutoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Amani, na masika huyageuza rangi ya chai ya maziwa. Sasa tumefunga mirija ya 0.1 kwenye ndoo pembeni ya maabara, tunaipitishia maji hayo kila siku, na kila wiki tunapima kinachotoka, badala ya mara moja siku ya kuifungua kama zamani. Fomu yetu ya kuagiza vichujio ilikuwa na nafasi moja ya sifa, ukubwa wa tundu. Nimeomba ziongezwe nyingine: kilijaribiwa kwa bakteria gani, kwa muda gani, na kinaoshwaje. Afisa ugavi ameniuliza kama muuzaji atakuwa na majibu hayo. Nimemwambia tumwulize.